Herufi Moja Kwenye Kopo la Kunde

Jumamosi, 24 Juni 2023

Nimeandika lebo kumi na mbili leo. Mkono unauma lakini hati imenyooka. Mama Tereza anasema tangu nianze kuja Jumamosi, maktaba yake imepata sura.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yake hapa Mkolani. Rafu, makopo, chupa za maji zilizojaa mbegu na majivu. Kitabu hakuna, ila daftari la wanachama, na hilo naandika mimi. Sheria ni moja: ukiazima kikombe, baada ya mavuno unarudisha viwili. Na unarudisha kwa mdomo pia. Unasimama mbele ya wanachama wote, unataja jina la mbegu, uliipanda wapi, nini kiliharibika. Mbegu isiyo na maelezo haipokelewi.

Ndiyo maana sijawahi kuazima. Mimi naandika tu.

Mchana amekuja bibi mmoja kutoka Nansio, kule kisiwani, Bibi Bernadeta. Amekuja mjini kutibiwa macho, amefikia kwa mpwa wake. Hakutaka kuazima, alitaka kutunziwa. Kopo la kunde — za ajabu! Upande mmoja nyeupe, upande mwingine nyekundu, kama zimechovywa nusu. Mama Tereza alikuwa nje anabishana na mtu wa maji, kwa hiyo nimempokea mimi, macho yangu mezani. Bibi kila L kwake inageuka R. Ametoka kure Nansio, amerara kwa mpwa wake siku tatu. Nikauliza kwa sauti ndogo, hizi ni za nini, bibi?

"Za kura," akasema. "Andika hivyo, mwanangu. Za kura."

Nikaandika: KUNDE ZA KULA. Nikafunga kamba nyekundu. (Kijani ni za kupanda. Nyekundu ni za kupikwa siku ya shughuli, zile zilizozeeka au zilizozidi.) Nikabandika mbegu tano kwenye kadi kwa selotepu, kama ninavyofanya kwa kila aina.

Kabla hajaondoka alinishika mkono. Akaniambia amezileta huku kuzificha, maana mwanaye Obedi akizipata atazitia chunguni. Sikuelewa. Kama ni za kula, si ndiko zinakokwenda? Lakini sikuuliza. Mimi siulizagi.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane! Miguu imevimba kwa kusimama. Meza yetu pale Nyamhongolo ilikuwa na watu kuliko ya matrekta. Mama Tereza alitoa makopo yote ya kamba nyekundu tangu jana, akapika kunde za Nansio kwa karanga. Yeye ni kinyume cha yule bibi, R zote kwake ni L, na wala hajali. "Halaka, Selina, leta sahani, wageni wanasubili!"

Bi Manjula wa Igogo, anayeotesha mboga juu ya paa la nyumba yao, hali nyama maisha yake yote na anajua kunde. Alikula sahani mbili. Akasema hizi ndizo kunde, za sokoni ni kokoto.

Na mimi nilirudia. Mchuzi nilikunywa wote.

Jumamosi, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Simu imepigwa tukiwa tunapanga rafu. Mama Tereza akaweka spika ili aendelee kuchambua choroko. Bibi Bernadeta. Macho yamepona, sasa anaona mtu, ila maandishi bado. Watoto wake watatu wanagombania shamba, mpaka wamefikia kutosalimiana. Ameamua kuligawa kabla hajafa. Atakuja kuchukua kunde zake siku ya mkutano wa wanachama, tarehe nne Novemba.

"Zire kunde zangu za kura ziko sarama?"

Halafu akaeleza, maana Mama Tereza alimuuliza kura gani. Kwao ukoo mzima unagawa ardhi kwa kunde hizo. Kila mtoto anarusha saba chini. Mwenye nyeupe nyingi juu anachagua kwanza. Kisha kila mmoja anapanda zile saba alizorusha kwenye mpaka wake, zikiota hakuna wa kusema alionewa. Hata marehemu mumewe alipata shamba lake hivyo. Obedi ndiye hataki. Obedi anataka mkubwa achague kwanza, na mkubwa ni yeye.

Kura. KURA! Kupiga kura. R ile ilikuwa R.

Bibi alitamka sawasawa. Mimi ndiye niliyemsahihisha.

Mama Tereza akamjibu ziko salama, bibi, usiwe na wasiwasi. Hakujua ni kopo lipi. Alipokata simu akaniuliza, la Nansio umeliweka wapi? Nikasema nitalitafuta. Nilisema nitalitafuta! Wakati nalijua liko kwenye tumbo langu na la watu mia wa Nane Nane.

Jioni nimetapika. Si kunde, ni siku nne sasa. Lakini nimetapika.

Jumapili, 13 Agosti

Nimefikiri kanisani badala ya kusali. Kwa nini nilimsahihisha? Kwa sababu ya kidato cha kwanza. Siku ya kujitambulisha nilisema naitwa Serina. Jina langu mwenyewe! Precious alicheka hadi akalala kwenye dawati, na mpaka leo, kidato cha tatu, ananiita hivyo. Tangu hapo nimejifunza orodha za maneno, r huku, l huku, mpaka nimekuwa nasahihisha watu kichwani kabla hawajamaliza sentensi. Kwenye karatasi sikosei. Kwenye karatasi hakuna anayecheka.

Na kosa langu kubwa kuliko yote nimelifanyia kwenye karatasi.

Zimebaki tano. Zile za kwenye kadi.

Nimemwambia Mama yangu nyumbani. Akasema kwa nini najitesa, ninunue kunde nyekundu sokoni nijaze kopo, bibi mwenyewe haoni vizuri. Nikasema hapana. Kwa sauti! Mama aligeuka kama kuna mtu mwingine jikoni. Nikasema tena, hapana Mama, watoto wake wataona, na hata wasipoona. Akaendelea kukatakata nyanya.

Nimekwenda kwa Mama Tereza kuchukua kadi. Hakuwepo. Nikafungua daftari la wanachama, kwenye safu ya waazimaji, nikaandika: Selina Masalu, kunde za Nansio, mbegu 5. Jina langu limekaa pale kama la mtu mwingine.

Nimebandua selotepu kwa mvuke wa sufuria, taratibu, isichubue ganda. Moja ina tundu la mdudu. Nimeipanda hivyo hivyo. Madumu matano yaliyokatwa, udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe wa jirani yetu Mzee Chenge. Kidole kimoja kwenda chini. Siku themanini na tatu mpaka mkutano. Kitabu cha kilimo kinasema kunde hukomaa kati ya siku sitini na tisini.

Inatosha. Lazima itoshe.

Ijumaa, 18 Agosti

Tatu! Zimenyanyua udongo kama watu wanaoinua shuka asubuhi. Mbili hazijatoka.

Jumamosi, 19 Agosti

Mama Tereza ameuliza tena kopo. Nikasema bado natafuta. Sikumtazama.

Jumatano, 30 Agosti

Kuku wa Mzee Chenge! Nimerudi shuleni nimekuta dumu la kati limeparuliwa, shina limelala, majani hakuna. Nimelia, kisha nimeona kulia hakumfukuzi kuku.

Mama alinikuta napigilia miti. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha wavu wa dagaa wa marehemu mjomba, ule aliokuwa ameukunja sandukuni miaka yote. Akanipa. Nimeuzungushia mara mbili. Jongoo hapiti.

Zimebaki mbili.

Jumamosi, 9 Septemba

Siwezi kuendelea na "natafuta." Nimeandika barua. Kurasa mbili, nimenakili mara tatu. Nimeeleza yote, lebo, R, kamba nyekundu, Nane Nane, mbegu tano. Nimemkabidhi Mama Tereza, nikataka kukimbia. Akanishika gauni.

"Kaa hapo."

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye Nane Nane akasimama, akaweka mkono kifuani. "Yesu na Malia. Na mimi nilikomba sufulia."

Nikasubiri anifukuze. Hakunifukuza. Aliikunjakunja barua. Akasema kosa si langu peke yangu, yeye ndiye mwenye nyumba na alipika bila kuuliza. Kwa kupika, atamwomba bibi radhi mwenyewe. Lakini lebo ni yangu. Nikamwomba, basi siku ya mkutano amsomee bibi barua hii, kila kitu kimo, nimekiandika vizuri.

Akanirudishia. "Hapana, mwanangu. Uliazima, jina lako nimeliona kwenye daftali tangu mwezi wa nane, nikawa nangoja uniambie. Aliyeazima anasimama. Kosa la kalamu utalitoa kwa mdomo."

Alijua! Siku zote hizo alikuwa ananiuliza kopo huku anajua nimeazima kitu.

Nilipofika getini akaniita. Akasema nisimwagilie saa sita mchana, majani yataungua.

Jumanne, 26 Septemba

Maua. Zambarau hafifu, yanafunguka asubuhi, nikirudi shuleni yamejifunga. Nimehesabu saba.

Juzi Mama Tereza alinituma Igogo kwa Bi Manjula kuchukua mbegu za kotimiri. Nimepanda hadi paani kwake. Ndoo, makarai, hata sinki la zamani, vyote vimeota kitu, na kwa mbali ziwa. Nikamuuliza — nimeuliza! — kunde kwenye dumu zinataka maji kiasi gani. Akasema mimi nazimwagilia kupita kiasi, ameniona tu viatu vyangu vina matope. "Kunde ni kama mkwe, beta, mwanangu. Msalimie asubuhi, halafu mwache."

Nimepunguza maji. Kumwacha mkwe ni kazi kuliko kumhudumia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Siku mbaya. Somo la Kiswahili, zamu yangu kusoma kwa sauti. Nilifika kwenye "walilala" nikasema "warirara." L zote tatu! Darasa likalipuka. Precious akasema kwa upole wa kujifanya, "Pole, Serina, umerara vibaya?" Mwalimu alinyamazisha watu lakini na yeye alikuwa anabana midomo.

Nyumbani nimekuta vidukari. Weusi, wamejaa kwenye vichipukizi hadi shina halionekani. Nimewafuta kwa vidole, mmoja mmoja, kisha majivu. Nikawa nafuta huku nasema: kura. Kula. Kura. Kula. Wadudu wanakula, watu wanapiga kura. Ulimi unaweza. Tatizo si ulimi. Tatizo ni nikiona macho ya watu.

Mama alikuwa dirishani. Sijui alisikia kiasi gani. Baadaye, akinipa uji, akasema yeye na R hawakuwahi kuelewana, na ameolewa, amezaa, amezika, yote kwa L. Nilicheka hadi uji ukanipanda puani.

Jumapili, 22 Oktoba

Ganda la kwanza la kunde limekauka. Nilitaka kungoja, sikuweza. Nimelipasua mlangoni kwenye mwanga.

Tisa. Zote tisa, nusu nyeupe, nusu nyekundu!

Nilikuwa na hofu ambayo sikuiandika hata hapa: kwamba zitatoka nyekundu tupu, kama za sokoni. Hazikutoka hivyo. Nimezirusha sakafuni saba, mara moja, kujua tu. Nne nyeupe juu. Nikazikusanya haraka. Si zangu za kurusha.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua jana, maganda yaliyobaki nimeyachuma na kuyaanika ndani, juu ya meza ya kusomea. Shina la pili limechoka, limezaa matano tu. Mama ndiye amekuwa akiyageuza mchana nikiwa shuleni. Sikumwomba. Nimeona yamepangwa kwa ukubwa.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimehesabu. Mama amehesabu. Tumehesabu pamoja.

Hamsini na nane.

Watoto watatu mara saba ni ishirini na moja. Zinatosha kura. Zinabaki thelathini na saba za kupanda ukoo mwingine wa kunde. Kwa sheria ya maktaba niliazima tano, nadaiwa kumi. Lakini kopo lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na hizi hazijai kikombe cha chai. Kesho bibi atatikisa kikombe, atasikia.

Nimeandika lebo mpya. KUNDE ZA KURA. Kamba ya kijani. Nimeitazama R mpaka ikaacha kuwa herufi.

Mama amenipigia pasi sketi ya shule. Akauliza nitasema nini. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wake wa kanga. Akasema nikiwa nayo nitaisoma, na nikiisoma nitainama, na nikiinama bibi hatanisikia.

Nimemwambia anirudishie. Amekataa.

Jumamosi, 4 Novemba, saa nne na nusu asubuhi

Naandika benchi la nyuma. Watu wanadhani naandika mahudhurio.

Bibi Bernadeta amefika na meli ya asubuhi. Amevaa miwani mizito, gauni la kitenge, na anashika mkono wa kila mtu mpaka amalize kumsalimia. Nilimwambia shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye yure mwandishi. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikakumbuka haoni vizuri, nikasema ndiyo, bibi.

Hakuja peke yake. Obedi yupo. Nilimfikiria mtu mkali. Kumbe ni mnene, mcheshi, amembebea mama yake begi, na ameshachekesha nusu ya wanachama. Alipoona rafu akasema, "Mama, kunde zako hapa si zilishaliwa zamani na hawa wenye njaa?" Watu wakacheka. Mama Tereza hakucheka. Mimi nikakikumbatia kikombe mapajani, zikalia hamsini na nane zote.

Bibi naye akacheka, akampiga kofi la begani. Akasema anajua kwa nini amekuja. Obedi akajibu waziwazi, bila kuficha: amekuja kuona kwa macho yake. Kama ni zile zile za ukoo wao atarusha kama wenzake, yeye si mhuni. Kama si zile, harushi, na shamba litagawanywa kwa umri.

Sasa nimekaa nikiwaza. Si zile. Zile zililiwa, na mimi nilikula. Lakini ni watoto wa zile. Je, hizi ni zile zile? Mimi nasema ndiyo. Mbegu zote za chumba hiki ni hivyo, hakuna iliyo ile ile, na bado tunaita mtama wa fulani, njugu za fulani. Naweza kulisema hilo. Lakini ili niliseme lazima kwanza niseme lile jingine, na nikishasema lile jingine Obedi anaweza kubeba begi na kuondoka, na ndugu watatu wataendelea kutosalimiana kwa sababu ya herufi yangu.

Au nikae kimya, nimpe kikombe, niseme panya walipunguza. Nani atajua? Mama Tereza atajua. Mama yangu, yuko pale mlangoni, amesimama ingawa viti vipo. Atajua.

Bi Manjula anatoa maelezo ya kotimiri zake sasa. Anasema nusu ziliungua kwenye sinki la bati, kosa lake, alisahau jua la Septemba. Watu wanaitikia tu, wanasema pole, wanapokea. Ni rahisi hivyo kumbe. Hapana, si rahisi. Ni kotimiri.

Amekaa.

Mama Tereza anafungua daftari. Anapitisha kidole chini, chini, kimesimama.

"Selina Masalu. Kunde za Nansio, mbegu tano."

Watu wanageuka. Obedi ameacha kutabasamu, anahesabu kichwani: tano? Bibi anauliza kwa sauti ya juu, "Tano? Kwani zire zingine ziko wapi?" Anatazama huku na huku na miwani yake. "Serina ni nani? Aje karibu, sioni mbari."

Serina. Amesema hivyo, na sijasikia kicheko popote.

Nimelinong'ona neno lile, kura, mara moja. Limetoka.

Kikombe nabeba. Kalamu naiacha hapa kwenye benchi.